Vidole Viwili vya Alcides

Timu ya besiboli ina watu tisa uwanjani. Sita hushinda kwenye vumbi wakipigiana kelele, na watatu hutupwa huko nyuma kwenye majani, mbali na kila mtu, kama mbuzi waliofungwa kamba wakasahauliwa. Mimi nilikuwa mbuzi wa katikati. Kushoto kwangu, kwa misimu minne, alikuwa Alcides Hodge.

Ukiwa majanini huna wa kuzungumza naye. Ubao wa matokeo uko mgongoni mwako, kelele za watu ziko kila upande, na kocha ukimtazama kwa mbali anafanana na chupa. Kwa hiyo sisi watu wa majanini huongea kwa vidole. Kila anapotolewa mpigaji wa timu pinzani tunageukiana na kuonyeshana hesabu. Mmoja ametoka: kidole cha shahada juu. Wawili wametoka: cha shahada na cha mwisho, kama pembe za ng'ombe, maana vidole viwili vilivyobanana huonekana kimoja kwa mbali. Wakitoka watatu hakuna cha kuonyesha; zamu yao imekwisha, unakimbia benchi kunywa maji. Na ukionyeshwa, unajibu. Mwenzako akiinua kimoja, nawe unainua kimoja, ajue umepata. Ni adabu, kama kuitikia salamu. Nimewahi kuona watu wawili waliokaa mwaka mzima bila kusemezana kwa ajili ya mwanamke, lakini wakifika majanini wanaonyeshana vidole bila kukosa hata mara moja.

Nayasema haya mapema kwa sababu aibu yangu yote imekaa kwenye vidole hivyo.

Hapa San Pedro de Macorís nilianza kudaka nikiwa na glavu ya boksi la maziwa na mpira wa soksi, kwenye njia ya miwa nyuma ya kiwanda cha sukari. Jina langu kanisani ni Leocadio Mota. Mtaani ni Cayo. Nilipopata nafasi katika timu yetu ya Carreteros nilikuwa na mbio nyingi na akili kidogo. Alcides alinizidi miaka tisa. Babu yake alivuka kutoka visiwa vya Waingereza kuja kukata miwa, akawaachia wajukuu mikono mirefu na ukimya. Ndiye aliyenifundisha kwamba mpira hautazamwi, unasikilizwa. Gongo la mpigaji likilia kavu, rudi nyuma. Likilia kama mtu amepiga gunia la unga, kimbia mbele. Msimu mzima alinirushia maneno hayo, na kila nilipokosea aliniambia niende nikauze maembe, pengine hayo nitayadaka.

Binti yangu Mirelis alipozaliwa, Alcides ndiye aliyemshika kwenye maji ya ubatizo. Tangu siku hiyo tukaitana kompadre. Kwetu hilo si neno la kupamba mdomo. Ndugu huzaliwa naye bila kuulizwa. Kompadre umemchagua mwenyewe, mbele ya padri, ukiwa na akili zako timamu. Kumdanganya kompadre ni kama kuiba sadaka ukiwa umeishika misalaba yote miwili ya altare.

Sasa niseme nilivyoiba.

Ilikuwa Jumapili alasiri, mechi ya mwisho ya nusu fainali, tunacheza na timu ya mji mkuu, miaka kumi na tisa iliyopita. Zamu yao ya mwisho kupiga. Tulikuwa mbele kwa alama moja, tatu kwa mbili. Walikuwa na wakimbiaji wawili, mmoja amesimama kituo cha pili, mwingine cha tatu, kila mmoja akisaka alama kwa kufika cha nne, kile cha nyumbani, na mpigaji wao mmoja alikuwa ameshatolewa. Mmoja. Tukitoa wawili zaidi tunaingia fainali.

Nyuma ya kituo cha nyumbani alikaa mtu mwenye kofia ya ukindu na daftari magotini. Alikuwa ametumwa na timu moja ya kaskazini, ng'ambo ya bahari, kuja kunitazama. Wenzake walishanichukua mara moja nikiwa na miaka kumi na tisa, na nilipofika ishirini na moja wakanirudisha na mfuko wa karatasi wenye viatu na barua. Mtu hapewi nafasi ya pili huko kila siku. Tangu mechi ianze nilikuwa naichungulia kofia ile kuliko nilivyomchungulia mrushaji wetu.

Alcides akanigeukia kutoka kushoto, akainua kidole cha shahada. Namwona hata sasa: mkono wa kulia juu, glavu imebanwa kifuani, kofia ya mchezo imelowa jasho. Kimoja. Nikamjibu kimoja. Mkono ndio uliojibu. Kichwa kilikuwa Florida, kinafungua sanduku.

Gongo likalia kavu. Nikarudi nyuma kama nilivyofunzwa, bila kutazama, nikageuka hatua mbili kutoka ukutani, nikanyoosha glavu, na mpira ukaingia ndani kama ulikuwa umepanga chumba. Sijawahi kudaka vizuri namna ile, kabla wala baada. Nikaruka. Na kama tunavyofanya mechi ikimalizika, nikawatupia watazamaji mpira. Ukatua ndani ya beseni la njugu za kuchemsha la Bi Eneria, ambaye amekuwa akiuza njugu nyuma ya ukuta ule tangu kabla sijazaliwa.

Alcides alikuwa anakuja mbio kutoka kushoto akipiga kelele neno moja. Nilidhani ananipongeza. Nikamfungulia mikono.

Mpira ukidakwa hewani mpigaji ametoka, lakini huyo alikuwa wa pili tu, si wa tatu. Sheria inasema mpira ambao bado una kazi ukitupwa kwa watazamaji, kila mkimbiaji anapewa vituo viwili bure. Wale wa mji mkuu hawakukimbia hata. Walitembea hadi kituo cha nyumbani kama watu wanaotoka misa, mmoja akiwa ametia mikono kiunoni. Alama nne kwa tatu. Tulipokwenda kupiga sisi, watatu wetu walitolewa upesi kama watu wenye basi la kuwahi. Fainali ikaenda mji mkuu. Bi Eneria aliombwa arudishe mpira akakataa; alisema amepewa mbele za watu, na kitu cha kupewa mbele za watu hakirudishwi.

Kwenye ujia wa kwendea chumba cha kubadilishia nguo palikuwa kimya, isipokuwa Radhamés Peguero wa redio, ambaye hakuumbiwa kunyamaza. Alinisogezea kipaza sauti kidevuni. Nyuma yake alisimama mwenye kofia ya ukindu, na ndiye aliyeuliza, kwa upole kabisa, kama nilijua wametolewa wangapi. Nilielewa swali. Katika kazi yetu goti bovu hupasuliwa likashonwa, bega bovu hupumzishwa. Kichwa kibovu hakina daktari.

Alcides alikuwa amekaa hatua nne kutoka pale, anafungua kamba za viatu.

"Alcides alinionyesha viwili," nikasema.

Maneno matatu. Nimepima baadaye: yanachukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Radhamés akamrukia. Alcides hakukitazama kipaza sauti. Alinitazama mimi, muda ule ambao mpira mrefu unakaa hewani, na nilijua ananipa nafasi. Nikainama kutafuta kitu sakafuni ambacho hakikuwepo.

"Kama Cayo amesema viwili," akasema, "andika viwili."

Kofia ya ukindu iliandika.

Kuna watakaouliza, hakuna aliyeona? Kamera zilikuwa mbili, zote zikimtazama mrushaji. Watu wa vumbini walikuwa wametupa migongo. Vidole vya majanini huonwa na wa majanini wenyewe, na wa tatu wetu, yule wa kulia, alikuwa ameinama kufunga kiatu, akaapa baadaye kwamba hakuona kidole cha mtu. Basi mji mzima ulikuwa na ushahidi wa mtu mmoja, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na ilipitia Florida, Iowa, na miji mingine yenye baridi ya kumfanya mtu aikumbuke hata harufu ya kiwanda cha sukari kwa mapenzi. Nilicheza kaskazini miaka saba. Mingi ilikuwa ya ligi ndogo: mabasi marefu, mkate wenye kipande cha nyama baridi, vyumba vya watu wanne. Ligi kubwa kabisa niliionja siku arobaini na moja. Nilipiga mipira kumi na tisa ya kufika kituo, nikadaka mmoja ukutani ambao watu wanadai bado unaonyeshwa kwenye televisheni, kisha bega likanikatikia.

Na unajua makocha wa huko walinisifia nini? Umakini. Waliandika kwenye ripoti zao kwamba Mota hajawahi kupoteza hesabu. Kila mpigaji akitoka nilikuwa nageukia kushoto, nageukia kulia, naonyesha, najibiwa, naonyesha tena. Wenzangu walinitania kwamba nina vidole vya mhasibu. Hawakujua kwamba kila nikigeuka kushoto, mtu niliyemwona pale hakuwa yule aliyesimama pale.

Huku nyumbani, msimu uliofuata ile mechi, Carreteros hawakumpigia Alcides simu. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na timu hazihitaji sababu kubwa kumwacha mtu wa umri huo. Mimi niliwapa ya kutosha. Klabu ikamhurumia ikampa kazi ya kutunza uwanja. Akawa anakata majani yaleyale aliyokuwa akiyalinda.

Mji ulimpa jina. Viwili. Ukipita naye barabarani, wenye pikipiki wanamwinulia pembe za ng'ombe bila kupunguza mwendo. Dukani akiagiza kahawa moja anawekewa mbili. Dada yake alipojifungua mapacha, mtaa mzima ulimlaumu yeye. "Viwili, mvua itanyesha leo?" "Viwili, mkeo ni huyu peke yake?" Kila Desemba niliporudi na koti langu la kaskazini nilikaa nao kwenye meza za domino chini ya bati la duka, na walipomtania, nilicheka. Nilicheka kuliko wote. Mwenye kosa asipocheka hugundulika.

Nilimletea zawadi. Viatu, saa ya mkono, mwaka mmoja friji. Viatu alivaa. Saa alimpa Mirelis siku ya komunyo yake. Friji aliipeleka kwa padri. Kila mara alisema asante, kompadre. Hatukuwahi kuizungumza ile Jumapili. Ilikuwa imekaa kati yetu kama mgeni ambaye kila mmoja anadhani ni wa mwenzake.

Mwaka huu klabu imetimiza miaka hamsini. Radhamés, ambaye sasa ana mvi na cheo cha msimamizi wa sherehe, alikuja kwangu wakati mke wangu Yudelka ananipakulia ndizi za kuponda na salami. Alikula sehemu yangu huku akinieleza mpango. Nitaitwa uwanjani kabla ya mechi, nipewe jezi yenye fremu. Halafu, na hapa akaweka uma chini, mimi na Viwili tutasimama kila mtu mahali pake pa zamani. Yeye ataonyesha vile vidole vyake maarufu, watu wacheke mpaka wachoke, kisha mimi nimwendee, nimkumbatie, nimsamehe mbele ya Macorís yote.

"Watu watalia, Cayo," alisema. "Miaka kumi na tisa mzee wa watu amebeba lile kosa. Mtue mzigo."

Nikamuuliza kama Alcides amekubali. Akasema amekubali bila shida, ila kwa sharti moja tu: asimamishwe pale pale majanini kushoto, na mimi katikati, si mbele ya benchi.

Radhamés alipoondoka Yudelka alifuta meza mahali ambapo palikuwa safi tayari. Alisema kwamba hajaelewa kitu kimoja: mtu akikosea hesabu mchezoni, husamehewa kwa lipi? Si kakosea tu? Nikamwambia ni sherehe, mke wangu, usiitie sumu. Akanitazama. Wanawake wengine hupiga kelele. Wangu hukunja kitambaa vizuri mno.

Siku moja kabla ya sherehe nilikwenda uwanjani asubuhi nikiwa nimeyapanga maneno yote. Alcides alikuwa anasukuma mashine ya kukata majani upande wa kulia, kofia imeshushwa machoni. Aliizima aliponiona. Nikafungua mdomo. Nikaongea habari za magugu. Nikasema kwamba magugu ya mwaka huu yana kiburi. Akakubali, akasema mvua zimeyadekeza. Nikasema na kona ile inaonekana kavu. Akasema ni bomba. Tulizungumza dakika kumi juu ya bomba, wanaume wawili wazima, mmoja mwongo. Kisha nikaaga, akawasha mashine yake.

Getini alikuwa ameshakaa Bi Eneria akimenya njugu na kuchambua mbovu ili asiziuze. Ana miaka themanini sasa na macho yake bado yanaona chenji isiyotosha kutoka ng'ambo ya barabara. Akaniuliza, mwanangu, umekuja kumsamehe mwenzio leo au ni kesho? Nikasema kesho. Akasema atakaa palepale pake, nyuma ya ukuta wa katikati.

"Siku ile pia nilikuwa hapo," akasema. "Nyuma yenu kabisa. Mkono wake niliuona, na wako niliuona. Mimi nauza kwa kuhesabu, Cayo. Kimoja nakijua."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilisema. Nani anamsikiliza mwuza njugu? Walisema namtetea kwa sababu hulipa bila kukopa." Akatupa ganda. "Na ule mpira ulionirushia, nilijua ni zawadi. Kumbe hongo."

Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Nilikwenda nyumbani nikijua kwamba kwa miaka yote hiyo nilikuwa nanunua njugu kwa mwosha wangu.

Siku ya sherehe uwanja ulijaa tangu saa tisa. Ngoma, tarumbeta, watu wamevaa kijani cha Carreteros mpaka mbwa. Walinipa jezi yenye fremu, nikaibeba nisijue niiweke wapi. Kisha wakatutembeza majanini. Alcides alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na viatu nilivyomletea mwaka ule wa Iowa. Akaenda kushoto. Nikaenda katikati. Radhamés akasimama kati yetu na kipaza sauti kisicho na waya, akaanza kuisimulia ile Jumapili kama alivyoisimulia mara mia, akiongeza chumvi mahali palipokuwa na chumvi tayari. Watu walishaanza kuinua pembe za ng'ombe majukwaani, maelfu ya pembe.

"Na sasa, Viwili," akasema, "tuonyeshe ulimwonyesha nini."

Alcides akanigeukia. Akaubana mkono wa kushoto kifuani kama vile ana glavu. Akainua mkono wa kulia.

Kidole cha shahada. Kimoja.

Kicheko kilipasuka. Walidhani mzee amesahau hata utani wake mwenyewe. Radhamés akamwambia hapana, kile kingine, mzee wangu, kile cha pembe. Alcides hakushusha wala hakuongeza. Alikaa vile, mkono juu, akinisubiri. Ndipo nilipoelewa kwa nini alitaka tusimame majanini. Mbele ya benchi mtu anaweza kukumbatiwa tu. Majanini, ukionyeshwa, unajibu.

Mkono wangu ulikuwa mzito kama ndoo ya maji. Niliuinua. Kimoja.

Nikamwendea Radhamés nikachukua kipaza sauti. Nikasema Alcides alinionyesha kimoja, nami nilimjibu kimoja, na kosa lilikuwa langu.

Wakacheka. Halafu, Mungu anisamehe, wakapiga makofi. Ndiyo taabu ya kuishi kwa utani: siku ukisema kweli watu wanasubiri mwisho wake. Na waliokuwa hawacheki walikuwa wanafuta machozi. Nilimsikia mtu akisema tazama moyo wa Cayo, anabeba kosa la mwenzie. Radhamés akanishika bega, akautangazia uwanja kwamba hicho ndicho kinaitwa utu. Makofi yakazidi. Nilikuwa naungama, na wao wananitawaza.

Nilitamani kuyaacha yaishie hapo. Sitaficha hilo. Ilikuwa njia nzuri ya kutokea: nimesema kweli, na hakuna aliyeisikia.

Lakini Alcides alikuwa bado hajashusha mkono.

Ikabidi niseme tena, na mara hii nilitia kila kitu. Kwamba palikuwa na mtu wa kofia ya ukindu. Kwamba nilitaka mkataba. Kwamba Alcides alikuwa hatua nne kutoka kwangu anafungua viatu niliposema uongo, na alinitazama, na nikainama. Kwamba nimekaa kwenye meza za domino nikicheka naye akiitwa jina ambalo lingekuwa langu. Kwamba hakuna cha kumsamehe. Sauti yangu ilikuwa inatoka kwenye vipaza vya uwanja na kunirudia ikiwa imechelewa kidogo, kwa hiyo kila neno nililisikia mara mbili.

Makofi yalikatika vipande vipande, upande mmoja kwanza, kisha mwingine. Kisha nyuma yangu, juu ya ukuta, Bi Eneria akasimama na beseni lake.

"Ni kweli," akasema, na kwa jinsi palivyokuwa kimya hakuhitaji kipaza sauti. "Niliwaambia."

Akautia mkono ndani ya beseni akatoa mpira, umegeuka rangi ya chai kwa chumvi na miaka, akaurusha. Haukufika mbali. Ulianguka kwenye majani mbele yangu, ukadunda mara moja. Sikuudaka.

Hapo ndipo kelele za kunizomea zilipoanza. Sitazieleza. Ni zile nilizostahili zikiwa mbichi, na nilizipata zikiwa na riba ya muda wote ule. Mtu alirusha kikombe cha barafu, kikampata Radhamés.

Alcides alishusha mkono. Akanijia, na nikadhani sasa, sasa atanipiga au atanikumbatia, na vyote viwili ningeshukuru. Akasimama hatua mbili kutoka kwangu.

"Nilikusubiri mpaka Jumatano," akasema.

Nikamuuliza Jumatano ipi.

"Ile ya baada ya mechi. Nilijiambia, kompadre kijana, ameogopa, Jumatano atakuja kuniambia. Nilinunua na bia." Akatazama viatu vyake. "Sikuwa na hasira, Cayo. Ningekuambia kaa kimya, chukua mkataba, una mtoto. Ulitakiwa uje tu."

Akaondoka kwenda kufungua geti la wachezaji, maana mechi ilikuwa inaanza na funguo alikuwa nazo yeye.

Usidhani mji umebadilika. Juzi nilikuwa dukani, mtu akapita na pikipiki akaita Viwili, na Alcides akainua mkono kumwitikia. Jina likishakaa kwenye mwili wa mtu miaka kumi na tisa halimsikilizi mwuza njugu wala mchezaji wa siku arobaini na moja. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba nilimtetea. Wapo wasionipa nafasi kwenye domino. Jezi yenye fremu Yudelka ameigeuza uso ukutani, kisha akanipa chakula, na hiyo kwake ni hotuba ndefu.

Asubuhi iliyofuata sherehe nilirudi uwanjani. Alcides alikuwa anakata majani ya katikati. Hakuzima mashine. Nilisimama mahali pangu pa zamani nikingoja afike, alipofika akanizunguka, akaendelea na mstari wake, akarudi, akanizunguka tena, hata akamaliza uwanja wote. Majani yakabaki marefu pale tu miguu yangu ilipokuwa. Nilipotoka, pakabaki kishungi katikati ya uwanja mzima uliokatwa, kama nywele za mtu aliyekimbia kinyozi.

Nikamwambia amesahau pale.

"Pale utakata mwenyewe," akasema.

Hakunipa mashine. Nilikwenda ghalani nikakuta mundu wa zamani wenye kutu, nikarudi nao, nikapiga magoti pale pale katikati, mtu mwenye bega bovu na ripoti za umakini, nikaanza kukata shina kwa shina. Bi Eneria alikuwa ameshafika kwenye ukuta wake. Akaniuliza nimebakiza mashina mangapi.